Mwenye Nyumba Hakai

Padri, ndugu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na wote mliopanda kilima hiki cha Suvi Brest kwenye tope la leo, Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023, familia inawashukuru kwa kuja, na kabla ya kuanza inaomba kusahihisha jambo moja, kwamba yale matangazo ya msiba yaliyobandikwa kwenye mti wa dukani, kituo cha basi na geti la nyumba yamesema "baada ya kuugua kwa muda mfupi", kwa sababu mchapaji ana maneno hayo tayari kwenye mashine yake na huwawekea wafu wote, lakini marehemu hakuugua kwa muda mfupi, aliugua miaka tisa na miezi miwili, na sisi tulikuwepo siku zote hizo.

Historia hii imeandaliwa na mjane, bibi Ljubinka, pamoja na binti wa marehemu, Gordana, ambaye ndiye anayesoma, na ambaye atajitaja kama anavyomtaja mtu mwingine, ili sauti isimkatike njiani. Jana alipomuuliza mama yake kama kuna ya kuruka, mjane alijibu, "Usiruke kitu. Wamekula kwangu miaka hamsini na moja, kesho watasimama wasikilize."

Marehemu Vitomir Pejčić, ambaye wengi mlimwita Vito, alizaliwa tarehe 5 Februari 1947 hapa hapa Suvi Brest, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Mihajlo na bibi Rumena, ambao wamelala hatua chache kutoka hapa tuliposimama, katika theluji iliyokuwa imefunga njia kiasi kwamba mkunga alifika siku ya pili, akamkuta mtoto ameshanyonya na baba mtu yuko uani anagombana na bomba la kisima lililoganda. Waliomtangulia walikuwa wasichana wawili, kwa hiyo tangu anatambaa ilijulikana kwamba yeye ndiye mrithi wa slava, yaani siku ya mtakatifu wa nyumba, ambayo kwetu hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume pamoja na picha takatifu ya ukutani na desturi zake zote, ikiwemo ile iliyotuleta hapa leo, kwamba siku hiyo mwenye nyumba hakai, husimama tangu padri anapokata mkate mpaka mgeni wa mwisho anapoaga, akiwahudumia waliokaa. Slava ya akina Pejčić ni tarehe 31 Oktoba, Mtakatifu Luka, na Mtakatifu Luka, kama mnavyojua, alikuwa daktari, jambo ambalo familia inalitaja mapema ili isije ikalitaja baadaye kwa hasira.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1954, akaendelea mjini Pirot kuanzia mwaka 1958, akitembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, na mwaka 1962 alijiunga na shule ya ufundi mjini Niš, alikohitimu mwaka 1965 kama fundi mitambo, akiwa wa kwanza darasani katika somo la mwendo wa maji na mvuke ndani ya mabomba, na cheti hicho kiko kwenye fremu sebuleni hadi leo, kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba marehemu hakuelewa mambo ya pampu. Mwaka 1966 hadi 1967 alilitumikia jeshi la nchi ile ya zamani, kabla haijavunjika, huko Pula pwani, kwenye chumba cha boila cha meli ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, haikuwahi kutoka bandarini.

Tarehe 1 Machi 1968 aliajiriwa kwenye kituo cha kupasha joto nyumba za mji wa Pirot, akianza kama mchochea moto na kumaliza kama mkuu wa zamu, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008, na kwa miaka hiyo arobaini aliandika kwenye daftari presha ya kila boila, kila saa, kwa mwandiko ambao wenzake waliopo hapa wanaukumbuka, ingawa baadaye alipoambiwa aandike uzito wake mwenyewe, mara moja tu kwa siku, asubuhi, alisema hiyo ni kazi ya makarani. Januari ya mwaka 1985, baridi ilipofika nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri na pampu kubwa ikaanza kulalamika, wakubwa wake walitaka iongezwe nguvu, naye akakataa, akafungua njia ya pili ya mabomba ili maji yapate pa kupita kwa wepesi na pampu isijiue kwa kusukuma, na mji ukalala na joto, naye akazawadiwa saa ya mkononi, ambayo amezikwa nayo. Familia inaomba mkumbuke tukio hilo, kwa sababu huo ndio uliokuwa ugonjwa wake na hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake, na alikuwa amekwishavijua vyote viwili miaka ishirini na tisa kabla ya daktari yeyote kumwambia.

Marehemu alifunga ndoa na Ljubinka Manić tarehe 14 Oktoba 1972, msimamizi wao akiwa Čedomir, jirani yetu, ambaye tangu siku hiyo ni kumu wa nyumba hii, na kumu kwetu ni ndugu kuliko ndugu, hagombezwi na hafungiwi mlango, hata pale inapobidi. Walijaliwa watoto wawili, Gordana, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1975, na Luka, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1978 na kuishi siku mbili, na ambaye kaburi lake dogo ndilo hili la kushoto, lenye ua ambalo marehemu alilipalilia kila Jumamosi bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Gordana alisomea ufamasia na tangu mwaka 2001 anafanya kazi kwenye duka la dawa mjini, ndiyo, la dawa, na vidonge vyote tutakavyovitaja hapa marehemu alivipokea kutoka kwenye mkono wa mtoto wake wa kumzaa, aliyemweleza kila kimoja ni cha nini, kisha akaenda kumuuliza kumu Čedomir, ambaye maisha yake yote ameendesha trekta.

Ugonjwa ulianza kiangazi cha mwaka 2014, miguu ilipovimba hadi viatu vikakataa, naye akaacha viatu na kuvaa ndala, akaanza kulala na mito mitatu, akidai kwamba ni maharage, na tarehe 11 Septemba mwaka huo akapelekwa hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi, ambako ilibainika kwamba moyo wake umepanuka na umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Daktari wa moyo, Olivera Kostić, ambaye yuko hapa, kule nyuma, mwenye koti la kijivu, alipoambiwa huyu mzee ni mtu wa mabomba alifurahi sana, maskini, akadhani kazi imekuwa rahisi.

"Mzee Vitomir," alimwambia, "moyo wako ni pampu iliyochoka. Mishipa imebana, na pampu inasukuma kwa shida. Hivi vidonge vinapanua mishipa, damu inapita kwa wepesi, pampu inapumua."

"Ukipanua mabomba, presha inashuka," marehemu alisema.

"Ndicho tunachokitaka."

"Na ghorofa ya juu je?" aliuliza, akijigonga kipara kwa kidole. "Nikisimama, ghorofa ya juu haitapata maji."

"Ndiyo maana utasimama polepole. Ukiona kizunguzungu, nipigie simu, tutapunguza dozi. Ila usizime mtambo mwenyewe."

"Binti yangu, mimi nimezima mitambo kabla hujazaliwa."

Na aliizima, mara nyingi kuliko tunavyoweza kuzitaja kabla mvua haijarudi. Vidonge vya kwanza vilimletea kikohozi kikavu, jambo ambalo huwapata baadhi ya watu na ambalo daktari alikuwa amemtahadharisha nalo, lakini marehemu alisema ni upepo unaopita kati ya mlango na dirisha, ule upepo ambao hapa kwetu ndio umeua watu wote isipokuwa waliokufa vitani, akaziba madirisha kwa karatasi za gundi mwezi Septemba, jua bado likiwa kali, akaendelea kukohoa ndani ya joto hilo wiki sita. Alipobadilishiwa akapewa aina mbili nyingine za kupanua mishipa, za kumeza mara tatu kwa siku, kichwa kilimuuma siku za mwanzo, kama alivyoelezwa kwamba kitauma na kwamba kitaacha, naye akasema ni upepo uleule, umepata njia ya jikoni.

Kisha, tarehe 15 Aprili 2015, aliacha vidonge vyote bila kumwambia mtu, na Gordana alipogundua, mwezi Juni, kwa kuona tena zile ndala, alijibiwa kwa utulivu kwamba msimu wa kupasha joto huisha tarehe 15 Aprili na kufunguliwa tarehe 15 Oktoba, kwamba wakati wa joto mishipa hujipanua yenyewe bure, na kwamba ni upumbavu kuwasha mtambo kiangazi. Gordana alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni, akapumua, akamuuliza, "Baba, hospitali mlikuwa mnaifungia maji ya moto Aprili?"

"Hospitali haifungiwi. Hospitali inapewa mwaka mzima."

"Basi wewe ni hospitali."

Akasema, "Sawa, hiyo ina mantiki," na tangu siku hiyo alimeza kiangazi chote bila kukosa, miguu ikarudi kwenye viatu, akapanda nyanya, akapalilia lile ua la kilimani, na bintiye akaamini kwamba amempatia ufunguo wake, kwamba ukimweleza kwa lugha ya kazi yake ataelewa lolote.

Oktoba 31 ya mwaka huohuo, 2015, marehemu alisimama tangu saa nne asubuhi, vidonge vyote vikiwa tumboni kama ipasavyo, na saa tisa alasiri, akiwa amebeba bakuli la supu, ghorofa ya juu ilikosa maji, akaanguka mbele ya wageni thelathini, na supu ikammwagikia padri magotini, padri huyuhuyu, ambaye alisamehe hapo hapo. Hakuumia mwili. Lakini aliinuliwa na wanaume wawili ndani ya nyumba yake mwenyewe, siku ya slava, akaketishwa kwenye kiti, na kumu Čedomir, kwa nia ya kumchangamsha, akamjazia glasi ya rakija, pombe yetu kali ya plamu, na kusema, "Vitupe hivyo vidonge, Vito. Na hii nayo inapanua mishipa, na haijawahi kumwangusha mtu," na watu wakacheka, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume mezani ambaye haijawahi kumwangusha.

Marehemu hakucheka, marehemu alisikiliza, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa ule mpango wake, ambao ulifanya kazi kwa miaka mitano bila mtu kuujua, kwamba siku nne kabla ya slava anaacha vidonge, anakunywa badala yake glasi ya rakija asubuhi na nyingine jioni, kwa hoja kwamba dawa ni ileile ila hii haiangushi, halafu siku yenyewe anasimama wima kama nguzo ya umeme, anapita na sarma, nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, anapita na kabichi ya chumvi, anaonja kila kitu ili mgeni asile peke yake, na wiki ya kwanza ya Novemba maji yanamjaa kwenye mapafu na analazwa. Tunasema kwetu kwamba mzee amekula chumvi nyingi, na yeye aliila kweli, kwa kijiko, siku ambayo hakupaswa. Wauguzi wa wodi ya moyo walifikia kumwandalia kitanda. Daktari Olivera alimpima figo, akampima tezi ya shingo, akabadilisha dozi, akauliza kama labda ni baridi ya majira, na marehemu alikuwa akimtazama kwa huruma na kumwambia, "Labda ni upepo, daktari."

Aliyegundua ni Gordana, mwaka 2021, kwa kuwa mfamasia hata akitaka hawezi kuacha kuhesabu, na aliona kwamba kila vuli, kwa kila aina, vidonge vya baba yake vinachelewa kuisha kwa siku tano. Alimngoja jikoni, mama yake akimenya pilipili za kuchoma kwa ajili ya majira ya baridi, na marehemu alipoulizwa vidonge hivyo vinakwenda wapi alijibu bila aibu yoyote, "Vinalala kwenye sanduku. Siku moja kwa mwaka, Gordana. Sijawahi kuomba nyingine."

"Siku moja inakuweka hospitalini wiki mbili."

"Hospitalini mtu analala. Slava mtu anasimama."

"Basi nipe mimi. Nisimame mimi, wewe ukae, umeze dawa zako."

"Slava inakwenda kwa mtoto wa kiume."

"Mtoto wa kiume yuko kilimani, baba. Mimi niko hapa jikoni."

Mjane aliacha kumenya. Marehemu aliinuka, polepole kama alivyofundishwa, akatoka, na hawakuongea kwa siku kumi na moja, na Gordana anayasoma maneno yake hayo hapa mbele ya kaburi lile ili ijulikane kwamba aliyasema, kwamba anayajutia, na kwamba yalikuwa ya kweli. Kuanzia hapo mama yake alisimamia kila kidonge mpaka kinapoingia mdomoni, na marehemu, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kuandika presha ya uongo kwenye daftari, akajifunza akiwa na miaka sabini na minne kuficha kidonge chini ya ulimi. Novemba hiyo alilazwa, na Novemba iliyofuata akalazwa tena.

Mwezi Septemba mwaka huu, kipimo kilipoonyesha kwamba moyo unatoa chini ya robo ya damu inayoingia, marehemu alirudi nyumbani, akakaa mezani, akakunja karatasi ya daktari mara nne, na bila kumtazama mtu akasema, "Basi mwaka huu mkate utakata wewe." Gordana alikwenda bafuni akalia, kisha akarudi akajifanya amekwenda kunawa mikono, maana alikuwa ameiomba ruhusa hiyo miaka miwili na alikuwa amekata tamaa, na alidhani, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, kwamba amempata baba yake akiwa hai.

Jumanne tarehe 31 Oktoba, padri alikuja saa tano na nusu, Gordana akauzungusha mkate naye na kuukata, wa kwanza wa kike katika nyumba hiyo, na marehemu alikuwa amekaa kichwani pa meza, kavaa suti ya slava, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, lakini amekaa. Alikaa saa moja na dakika kumi. Saa saba kasoro dakika ishirini aliingia kumu Čedomir, akavua kofia, akamwona mwenye nyumba kwenye kiti na binti kashika sinia, akasema, "Ehee, Vito, siku hizi nyumba hii inavaa sketi?"

Wageni walicheka, wala hawakuwa na ubaya, wengi wenu mlikuwepo na mlicheka, na marehemu akasimama.

"Baba, kaa," Gordana alimwambia.

"Nikae, na kumu amesimama mlangoni?"

Hakukaa tena. Alimpokonya sinia, akaanza kuzunguka, na Gordana, akijua kwamba baba yake ana vidonge mwilini na kwamba wakati wowote anaweza kwenda chini, alichukua kiti kimoja cha jikoni, cha mbao, akatembea nacho nyuma ya baba yake kutoka sebuleni hadi jikoni na kutoka jikoni hadi barazani, kwa saa sita, tayari kumkinga, na wageni wakaona ni kichekesho kizuri, wakapiga picha. Lakini hakuanguka. Hakuyumba hata mara moja. Na Gordana, mfamasia wa miaka ishirini na miwili kazini, alifurahi kwamba haanguki, akamshukuru Mungu kwamba haanguki, badala ya kusimama palepale na kiti chake na kujiuliza kwa nini haanguki.

Tarehe 2 Novemba marehemu hakuweza kulala hata kwa mito mitano, tarehe 3 asubuhi akapelekwa hospitali, na mchana mjane alipokuwa akiitundika suti ya slava alihisi kitu mfukoni, akatoa kitambaa cha karatasi kilichokunjwa vizuri sana, mkunjo wa fundi, na ndani yake vidonge ishirini na vinane, vya rangi mbili. Mwaka ambao alikubali kukaa, alikuwa ameviacha hata hivyo, tangu tarehe 27, na sisi mpaka leo hatujui kama alitudanganya tangu mwanzo, au alikusudia kweli kukaa na akajiwekea tu akiba ya kusimama, kama mtu anayeacha sigara huku pakiti moja iko kabatini.

Gordana alivipeleka kwa Daktari Olivera na kuvimwaga juu ya meza yake, na daktari, ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, alivitazama akasema, "Siku moja. Kwa siku moja ningempangia. Ningepunguza dozi ya asubuhi, ningemwekea kiti kila baada ya nusu saa, ningekuja mwenyewe nikasimama naye. Miaka minane namtibu Novemba, na hakuna aliyeniambia kuna nini Oktoba." Hilo la mwisho linatuhusu sisi pia, kwa kuwa tangu mwaka 2021 tulijua, na tuliona haya kumsema baba kwa mgeni.

Tarehe 9 Novemba, mchana, akiwa na barakoa ya hewa, marehemu alimwita Gordana kwa mkono, akaisogeza barakoa kando na kusema, "Mwaka ujao simama wewe."

"Nitakaa, baba," Gordana alimjibu. Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha.

Marehemu alimtazama vile alivyokuwa akiitazama geji asiyoiamini, kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye nyumba. Utakavyo," akairudisha barakoa mwenyewe, na maneno yake yaliyofuata, ya mwisho tuliyoyasikia, yalikuwa ya kumuuliza muuguzi presha ni ngapi, na kumwambia aiandike. Mauti yalimfika Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, ameacha mjane, mtoto mmoja, mkwe wake Nebojša na wajukuu wawili, Teodora na Iskra.

Familia inamshukuru Daktari Olivera Kostić kwa miaka tisa ya subira ambayo hakulipwa kwayo, wauguzi wote wa wodi ya moyo, ambao kila Novemba walimpokea bila kumcheka, wafanyakazi wenza wa kituo cha kupasha joto, ambao jana walikuja na lile daftari lake la Januari 1985 na kuliacha kwa mjane, majirani waliochimba na waliopika, na padri kwa magoti yake. Tunamshukuru pia kumu Čedomir, aliyelala kwenye benchi la hospitali siku nane na kulia kuliko sisi sote, na suala la kumsamehe familia bado inalishughulikia, inatarajia kulimaliza kabla ya arobaini, tarehe 20 Desemba.

Kilichobaki si cha kusomwa kwa niaba ya mtu, kwa hiyo nitakisema mwenyewe. Alhamisi tarehe 31 Oktoba mwakani ni slava nyumbani kwetu, na slava haina mwaliko, njia mnaijua. Mwenye nyumba nitakuwa mimi. Mkate nitakata mimi, nikishamaliza nitakaa, kwenye kiti kilekile cha jikoni, kichwani pa meza, na atakayeona vibaya ataona vibaya akiwa amekaa, kwa sababu kwangu hakuna atakayesimama. Kila mwenye dawa zake aje nazo, atazimeza mbele yangu kabla ya supu. Kumu, wewe utakaa kulia kwangu, na usije ukaniambia huna, maana za presha huwa nakupa mimi mwenyewe, na najua vizuri zinavyochelewa kuisha.

Baba, wageni wote wameshahudumiwa. Kaa sasa, upumzike kwa amani.